MUHURI WA MPIRA, HERENI NA ZAWADI

Hotuba iliyotolewa mbele ya akina mama na vijana wa Mowlem, Nairobi



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya kazi ya kutumia mihuri ya mpira katika kutengeneza mapambo na zawadi. Nilipoletewa habari hii nilicheka kidogo, maana neno muhuri katika nchi yetu lina sura ya ofisi. Tukilisikia twakumbuka meza ya chifu, mstari mrefu wa watu, karatasi iliyokunjwa mara nne, na ule mshindo unaotufanya tushushe pumzi kwa kuwa shida iliyotupeleka imekwisha. Ni wachache wanaofikiri kwamba chombo hicho hicho chaweza kumpatia mtu hereni, kadi ya arusi, au mfuko mzuri wa kutilia zawadi.

Walakini kazi yenyewe si ngeni kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa pwani walikuwa wakipiga nakshi juu ya nguo nyeupe ya merikani kwa mihuri ya mbao, wakiichovya katika rangi na kuigandamiza kwa mkono, alama moja baada ya nyingine, mpaka doti nzima imekwisha. Hivyo ndivyo kanga nyingine zilivyotengenezwa kabla viwanda havijaishika kazi hiyo. Tena huko Ghana, katika mji wa Ntonso karibu na Kumasi, mafundi wa Waasante huchonga mihuri yao katika kibuyu kikavu, huchemsha magome ya mti mpaka yawe wino mweusi mzito, kisha hupiga alama zinazoitwa adinkra juu ya nguo. Na kila alama ina maana yake, ambayo mtu mzima huisoma kama sisi tunavyosoma maneno ya kanga. Mpira wenyewe ulikuja baadaye. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti na kutiwa moto hauyeyuki tena kwa joto wala haukakamai kwa baridi. Akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1844. Katika miaka iliyofuata watu wakaanza kumimina mpira katika kalibu za herufi, na mihuri ya ofisi ikazaliwa.

Sasa kwa nini nawaletea jambo hili ninyi wa Mowlem? Kata yetu, pamoja na Umoja ya Kwanza, Umoja ya Pili na Kariobangi Kusini, ndiyo jimbo la Embakasi Magharibi, nanyi mwajua jinsi tunavyokaa. Nyumba ni za ghorofa, vyumba ni vidogo, ua hakuna. Mtu hawezi kuweka tanuri wala mashine yenye kelele, maana jirani aliye upande wa pili wa ukuta ana mtoto mchanga. Kazi inayotufaa ni ile inayoweza kutandazwa juu ya meza baada ya watoto kula, na kufungwa ndani ya sanduku la viatu kabla ya kulala. Kazi ya muhuri ni ya namna hiyo.

Nitaanza na kuuchonga muhuri, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukata tamaa upesi. Mafundi wa mihuri wako mjini, nao siku hizi huchora kwa kompyuta na kukata kwa mwali wa taa. Ukiwapelekea picha yako watakufanyia kazi safi. Lakini anayeanza asikimbilie huko. Anunue raba ya kufutia ya mwanafunzi, ile nyeupe iliyo kubwa, pamoja na wembe mpya na kalamu ya risasi. Chora sura yako juu ya karatasi nyembamba kwa kalamu hiyo, uikoleze. Kisha ilaze karatasi kifudifudi juu ya raba, uisugue nyuma kwa mgongo wa kijiko. Ukiinua karatasi utaona mchoro umehamia juu ya raba, nao umegeuka, wa kushoto umekuwa wa kulia. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa, maana muhuri ukipigwa utaugeuza tena. Mtu anayeandika jina moja kwa moja juu ya raba, vile anavyoliandika daftarini, atalipata limesomeka kinyume, nami nimewaona watu wazima wakilitazama jina lao wenyewe wasilijue.

Katika kukata, elekeza wembe nje ya mstari, ili kingo za alama ziwe pana chini na nyembamba juu, kama mlima. Ukikata kwa kuingia ndani chini ya mstari, alama itasimama juu ya shina jembamba, na baada ya kupigwa mara chache itavunjika. Yote usiyotaka yaonekane, ondoa. Bandika raba juu ya kibao kwa gundi ya mafundi viatu, upate mahali pa kushika. Anayetaka alama kubwa zisizo na mapambo mengi aweza kutumia tyubu ya baiskeli iliyokufa. Akate kwa makasi majani, nyota au samaki, na kubandika juu ya kibao. Tyubu hudumu kuliko raba. Hata kandambili iliyokatika, au ndara kama tusemavyo hapa, yafaa kwa alama za watoto, ingawa vitundu vyake vidogo huonekana katika chapa. Mimi navipenda vitundu hivyo, lakini si kila mnunuzi atakubaliana nami.

Ukitaka mihuri ya majina, chonga herufi moja moja. Kiswahili hakina haja ya Q wala X. Ila majina tuwapayo watoto wetu siku hizi hayafuati Kiswahili, na mteja wa kwanza atakayekuja huenda mwanawe akaitwa Xavier. Chonga zote 26.

Sasa nataka kusimama hapa juu ya wino, maana wino ndio ulioniaibisha. Katika mwaka wangu wa kwanza nililetewa kazi ya jozi 36 za hereni kwa ajili ya arusi, nami sikuwa nimewahi kupata kazi kubwa kama ile. Nilikata vipande vya kadi ngumu, nikavipiga muhuri wa ua kwa wino wa buluu uliokuwa nyumbani, wino wa kidau cha ofisi, nikatia kulabu, nikavipeleka. Vilipendeza machoni. Siku ya arusi jua lilikuwa kali, wasichana wakacheza tangu saa nane hata jioni, na jasho likawatiririka. Kabla ya keki kukatwa, shingo za wasichana zilikuwa za buluu, na kola za nguo zao nyeupe zilikuwa za buluu vile vile, na picha zikapigwa hivyo hivyo. Nilirudisha fedha zote, nikalipia na kufuliwa kwa nguo, na baadhi ya madoa hayakutoka. Kwa muda wa miezi sita sikuthubutu kupita mbele ya nyumba ya bibi arusi.

Baadaye ndipo nilipoelewa sababu. Wino wa ofisi umetiwa glisirini makusudi ili kidau kisikauke upesi. Juu ya karatasi ya kawaida hunywewa na nyuzi za karatasi, hivyo huonekana umekauka; juu ya kitu kilichong'arishwa, au mfupa, au ngozi yenye mng'ao, hukaa juu juu tu, na maji yakija huondoka nayo. Basi wino huo tumieni kwa kadi na mifuko ya karatasi. Kwa kitu kitakachogusa mwili wa mtu, tumieni rangi ya mafuta au rangi ya nguo. Ipakeni nyembamba juu ya kipande cha sifongo, mchovye muhuri hapo, mpige mara moja bila kutikisa mkono. Rangi ya nguo huhitaji joto ili ishike. Pitisha pasi yenye moto wa kadiri juu ya karatasi iliyofunika kazi yako. Rangi ya mafuta iache ikauke siku mbili au tatu, na wakati wa mvua iache zaidi, kisha paka vanishi isiyo na rangi, mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili iache ikauke kabisa. Jaribu vanishi yako kwanza juu ya kipande kibovu, kwa kuwa nyingine huyeyusha rangi iliyo chini yake.

Halafu fanya jaribio hili, ambalo silikosi tena hata siku moja. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe maji yenye chumvi kidogo, maana jasho lina chumvi, usugue hereni moja mara 20. Kitambaa kikibaki cheupe, peleka sokoni. Kikichafuka, kazi haijakwisha. Na kulabu nazo zitazameni. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi zina madini ya nikeli, ambayo huwasha masikio ya watu wengi na kuyatia vidonda. Mteja aliyewashwa hatarudi, naye atawaambia na wenzake.

Kadi ngumu si kitu pekee cha kupigia muhuri. Kariokor kuna mafundi wa viatu vya ngozi, na chini ya meza zao huanguka vipande ambavyo havitoshi hata ukanda mmoja wa kiatu. Nendeni mkaongee nao kwa adabu. Vipande hivyo vyatosha hereni, vyatosha kidani, vyatosha kishikizo cha funguo. Chagueni ngozi ya rangi ya asili, isiyopakwa mng'ao, maana ile iliyong'arishwa hukataa rangi. Kateni kwa kisu kikali juu ya ubao, sugueni kingo kwa msasa laini, pigeni muhuri, toboeni tundu. Mafundi wa Kibera wamejipatia sifa kwa kuchonga mapambo ya mifupa na pembe za ng'ombe, vitu ambavyo machinjoni vilihesabiwa kuwa taka. Na kitu kidogo chenye alama ya muhuri hukaa vizuri sana juu ya mfupa mweupe. Ila mfupa una vumbi, na vumbi lake ni baya kwa kifua, kwa hiyo asiye na mahali pa wazi pa kuukatia aununue umekwisha kukatwa.

Tena kuna udongo. Mnajua habari za Kazuri kule Karen, kazi iliyoanzishwa mwaka 1975 na Lady Susan Wood pamoja na wanawake wawili tu, wakifinyanga shanga za udongo, ikaja kuwaajiri mamia. Muhuri wa mpira ukigandamizwa juu ya udongo ulioanza kukauka, huacha alama nzuri yenye kina, wala hapana haja ya wino. Nyunyiza unga kidogo juu ya muhuri usinase. Lakini kumbukeni mambo mawili. Udongo hunywea unapokauka na unapochomwa, hata herufi zilizosomeka vema zikawa ndogo mno. Na udongo haukomi kwa jiko la makaa la nyumbani, wala haufai kutiwa motoni ukiwa na unyevu, kwa maana hupasuka. Anayeipenda njia hii hana budi kupatana na mwenye tanuri, amlipe kwa kila mzigo. Mimi nilijaribu mara mbili kwa jiko langu, na sisemi zaidi.

Kwa zawadi, jambo lililotufungulia mlango ni ile sheria ya tarehe 28 Agosti 2017, iliyokataza mifuko ya plastiki nchini Kenya. Wako walioilaumu, na wenye vibanda walipata taabu kweli kweli. Lakini mifuko ya karatasi ya kaki ilianza kutafutwa, nayo kaki na muhuri ni kama uji na sukari. Mfuko mtupu hununuliwa kwa bei ndogo. Ukipigwa alama ya majani pembeni na jina la duka katikati, huwa mfuko wa mtu mwenye heshima. Muuza mandazi, fundi wa nywele, mwenye duka la nguo za watoto, hawa wote hawawezi kuagiza mifuko elfu kumi kutoka kiwandani, lakini mifuko 50 wataitaka, na juma lijalo watataka 50 tena. Huyo ndiye mteja wa kumtafuta, kwa kuwa hereni hununuliwa siku ya furaha, lakini mandazi huuzwa kila siku. Ila msichonge nembo ya klabu ya mpira wala ya kampuni kubwa hata mkiombwa. Alama hizo zina wenyewe, nao hushtaki.

Juu ya fedha nitasema machache. Tufanye mfano tu: ngozi na rangi ya jozi moja ya hereni iwe shilingi 10, kulabu shilingi 10, kadi ya kutundikia shilingi 5. Jumla ni 25. Ukiuza mwenyewe kwa shilingi 100, umebaki na 75, na hapo toa nauli. Akija mchuuzi na kusema atachukua zote kwa shilingi 40 kila jozi, umebaki na 15, naye ataziuza katika Soko la Maasai kwa bei ambayo hutaambiwa. Sisemi mchuuzi ni mwizi, kwa maana yeye ndiye anayesimama juani na kulipia mahali. Nasema andikeni hesabu kabla hajafika, mjue mtakapokataa. Na kwa kazi ya kuagizwa, mteja atangulize nusu kwa simu kabla wembe haujagusa raba. Mtaa wa jirani alikuwako binti aliyefanya jozi 60 zenye jina la watu waliopatana kuoana, na wale watu wakaachana. Nani atazinunua?

Sasa lipo jambo la mwisho, nalo si jepesi kulisema, lakini mwenye kujua kuchonga muhuri lazima litamfikia.

Jioni moja alikuja kwangu kijana nadhifu, mwenye maneno ya upole, akaniamkia vizuri, akatoa risiti ya ada ya shule. Alitaka muhuri wa duara kama ule uliokuwa chini ya risiti. Alisema ataulipia mara kumi ya bei ya muhuri wa jina. Kodi yangu ya nyumba ilikuwa imebakiza siku tatu, na fedha sikuwa nazo. Sitawadanganya: niliichukua ile risiti, nikaipeleka karibu na taa, nikaipima kwa rula, na mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika wembe. Ndipo nikamwuliza, si kwa wema, ila kwa udadisi tu, ada yenyewe imekwenda wapi. Akanyamaza. Nikauliza mara ya pili. Akasema mama yake yuko nyumbani mashambani, aliuza mbuzi wawili, akamtumia fedha amlipie mdogo wake, naye zikamtoka mkononi. Sasa mama anataka kuiona risiti.

Nikamrudishia karatasi yake. Hakukasirika, alikaa pale kitini kwa kitambo, kisha akaondoka. Siku ya nne mwenye nyumba alitia kufuli lake juu ya kufuli langu, na watoto wangu walilala kwa jirani usiku mbili. Hayo nayasema ili mtu asifikiri kwamba kukataa hakuna gharama.

Sheria ya Kenya yahesabu kughushi muhuri kuwa jinai, na polisi wakiupata muhuri wa uongo hawaishii kwa aliyeutumia. Hutafuta na mkono uliouchonga. Tangu siku ile nina daftari. Kila muhuri wenye jina la duka, kanisa, kikundi au kampuni, naandika aliyeuagiza, namba yake ya simu, na kazi ya muhuri huo, kisha nampigia muhuri wenyewe katika ukurasa ule ule mbele yake, naye atia sahihi. Asiye na nia mbaya haoni tabu. Wawili mpaka sasa wameliona daftari wakakumbuka kwamba wana haraka. Na muhuri wa shule, wa hospitali, wa chifu au wa korti sichongi kabisa, hata akija mtu na barua mkononi. Namwelekeza kwa mafundi wa mjini wanaojulikana na ofisi hizo.

Yule kijana nimemwona tena mara moja tu, kwenye kituo cha magari cha Outering Road, akiita abiria. Aliniamkia kama siku ile. Sikumwuliza habari za mama yake, na mpaka leo nasikitika kwamba sikumwuliza.

Basi, maneno yangu yamekuwa mengi, na juu ya meza ile kuna raba 40 na nyembe mpya. Wenye kutumia miwani wakae upande wa dirisha, ambako mwanga ni mzuri. Akina mama wenye watoto wadogo wasiwaweke karibu na nyembe. Kila mtu aanze na jani moja, lisilo na herufi, na atakayemaliza wa kwanza asiende nyumbani. Amsaidie aliye karibu naye kugeuza mchoro, kwa kuwa hapo ndipo wote mtakapokosea.